Tupeane uzoefu: kusomea CPA (mitihani ya uhasibu) ukiwa kazini, huku kwetu Kisumu, Nakuru na Magharibi

Karani wa Kibuye (Kisumu)

Wadau, habari za jioni. Nimeajiriwa kwenye duka la jumla la hadiwea, karibu na soko la Kibuye. Mimi ndiye karani, mimi ndiye mkusanya madeni, na mwisho wa mwezi mimi ndiye ninayehesabu stoki. Ngazi ya msingi nimeimaliza, sasa iko mbele yangu ngazi ya kati: sheria ya kampuni, usimamizi wa fedha, taarifa za fedha, ukaguzi, uhasibu wa menejimenti na kodi. Tajiri hatoi likizo ya mtihani, na kazi siwezi kuacha.

Ushauri wa Nairobi nimeusoma hadi nimeshiba. Wengi wanaoutoa wanakaa hatua chache kutoka chuoni. Nataka kuwasikia waliosomea huku: pepa ipi ilikusumbua, muda uliupata wapi, na ulienda darasani au ulijisomea? Nipeni visa vyenu. Ile "amini tu utaweza" nimeshaisikia kanisani.

Mama Pacha (Nyalenda, Kisumu)

Kaka, pole na kazi. Mimi nilisoma wanangu pacha wakiwa bado hawajaanza shule, kwa hiyo jioni haikuwa yangu kabisa. Nikitoka mjini kuna matatu, kuna sufuria, kuna kuogesha watu wawili wasiotaka kuoga. Darasa la jioni nililionja. Linaisha giza limeshatanda, na wa boda anayenirudisha nyumbani anataka hela ya mboga ya kesho. Nikahamia alfajiri, saa kumi, kabla hata muadhini hajaita.

Ila kuamka peke yake si kitu. Kuna watu wanaamka saa kumi kusinzia juu ya kitabu. Kilichonivusha ni kuandika. Mtihani ni wa muda wa saa tatu na alama mia, na karibu kila pepa ina maswali matano ya alama ishirini, yote ya lazima. Piga hesabu mwenyewe: kila swali lina dakika 36. Basi kila alfajiri nilikuwa nachukua swali moja la mtihani uliopita, fulskapu tupu, alamu ya dakika 36. Ikilia, kalamu chini, mizania ilingane isilingane. Majibu siyafungui hapo hapo. Nayafungua jioni nikikoroga ugali, akili ikiwa imepoa, nione niliachana na mtahini wapi.

Pepa iliyonitesa ni ya taarifa za fedha, na humo ndani hasa hesabu za kundi, yaani kampuni mama na tanzu zake. Watu huogopa gudwili, yaani kile mama alicholipa zaidi ya thamani ya mali halisi ya tanzu. Gudwili ni rahisi, ni mpangilio tu. Penye mtego ni bidhaa walizouziana wenyewe kwa wenyewe. Tuseme tanzu imeiuzia mama bidhaa za 500,000, faida ikiwa asilimia 25 juu ya gharama. Mwisho wa mwaka nusu yake bado iko stoo ya mama. Faida yote ni 100,000 (unagawa kwa 125, si kwa 100, jamani!), nusu ni 50,000, na hiyo haijapatikana kwa kundi zima, kwa hiyo unaikata. Swali ni unamkata nani. Kwa kuwa muuzaji ni tanzu, na mama anamiliki asilimia 80, wanahisa wachache, wale wenye asilimia 20 iliyobaki, nao wanabeba 10,000 yao. Lakini mama ndiye angekuwa ameuza, hao wachache hawaguswi hata senti.

Nikawa kabla ya hesabu yoyote naandika juu ya karatasi kwa herufi kubwa: NANI KAMUUZIA NANI? Na hesabu ndogo ndogo zote naziacha zionekane. Karatasi ya mtihani yenyewe inakuambia uonyeshe hesabu zako zote. Ukikosea jumla ya mwisho, hatua bado zina alama.

Wa Lurambi (Kakamega)

Mimi darasani sikukanyaga. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mshahara mwenyewe mnaujua, na karo ya darasa la jioni ningeitoa wapi? Jumamosi yangu ilikuwa ni maktaba ya taifa, kuanzia asubuhi hadi mvua ya Kakamega inapoanza kupiga mabati saa za alasiri, wakati ambao hata ukitaka kutoka huwezi. Silabasi ya Kasneb (bodi ya mitihani hii) yenyewe ndiyo ilikuwa mwalimu wangu. Niliichapisha, nikawa napiga mstari kila mada ninayoimaliza. Mwalimu wa darasa anaruka mada anayoona haiji. Mtahini haruki.

Kijana wa Free Area (Nakuru)

Mwalimu, kwa heshima zote, hiyo inawafaa wenye nidhamu kama yako. Mimi bila darasa nilikuwa nasoma wiki moja kabla ya pepa. Darasani nililipa, na kwa kuwa hela yangu ilishatoka, mguu ulikwenda hata siku za uchovu. Usimamizi wa fedha nisingeufungua peke yangu.

Wa Lurambi (Kakamega)

Hapo sikupingi. Ila uliza darasa lako: walimaliza silabasi?

Kijana wa Free Area (Nakuru)

Hawakumaliza. 😅

Mjukuu wa Webuye (Bungoma)

Sheria ya kampuni: angalia noti zako zinasimamia sheria gani. Huku noti hurithiwa kutoka kwa binamu hadi binamu, na nyingine bado zina ile Sura ya 486 ya zamani. Sheria ya Kampuni ni ya 2015, na ya ufilisi pia ina sheria yake ya mwaka huo huo. Mfano mmoja: siku hizi mtu mmoja peke yake anaweza kuunda kampuni binafsi. Noti za binamu zilisema lazima wawe wawili. Kesi ya Salomon ya 1897, ile iliyosema kampuni ni mtu tofauti na wenye nayo, ndiyo haijazeeka, hiyo ijue hata ukiwa usingizini.

Mzee wa Section 58 (Nakuru)

Niseme juu ya kodi, maana ndiyo mkate wangu. Mimi ni wa ile mitihani ya zamani ya sehemu (section) sita, kabla ya silabasi ya 2021, lakini nasaidia kikundi cha vijana hapa mjini kila Jumapili alasiri.

Juni 2024 tulichekeshana, halafu tukanyamaza. Mswada wa Fedha ulikuwa mdomoni mwa kila mtu: kodi ya magari ya asilimia 2.5, VAT kwenye mkate. Mmoja wetu, kijana mwenye bidii kweli, alikuwa ameshauandikia noti mswada mzima, kwa rangi tatu za kalamu. Mnajua maandamano yaliyotokea barabarani. Tarehe 26 Rais akasema hatii sahihi, na noti zile zikabaki mapambo. Halafu ikaja sheria nyingine ya kurekebisha kodi, ikaanza kutumika 27 Desemba mwaka huo huo. Hiyo ndiyo iliyofanya ushuru wa nyumba na mchango wa SHIF (bima ya afya) viondolewe kwenye mapato kabla ya kukokotoa kodi, na mchango wa pensheni unaoruhusiwa ukapanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Kwa hiyo kijana, mswada usome gazetini, mtihani usomee sheria iliyopitishwa.

Jambo la pili ni pepa zilizopita. Kwenye pepa nyingine, kadiri unavyorudi nyuma ndivyo unavyopata mazoezi zaidi. Kwenye kodi, rudi kwa tahadhari. Ukikuta majibu yenye matrekta kwa asilimia 37.5 na kompyuta kwa 30, hayo ni madaraja ya uchakavu (makato ya kodi kwa mali inayochakaa) ya kabla ya Aprili 2020. Sheria ilibadilika, na hata ule mtindo wa kukata kwenye salio ukaondolewa mwaka uliofuata, sasa ni mafungu sawa kila mwaka. Swali lifanye, lakini jibu lake lifanye upya kwa sheria ya leo. Kikundi chetu hufanya hivyo kwa makusudi: tunachukua swali la 2017 tunalihamishia sheria ya sasa. Linachosha, lakini ukilimaliza umeelewa.

Viwango vya PAYE, kodi ya mshahara, msivikariri. Karatasi huja na jedwali la viwango ukurasa wa mbele. Kariri mwenendo: kipi ni mapato, kipi kinaondolewa kabla ya kodi, kipi ni nafuu inayoondolewa baada ya kodi. Gari la kazini, kwa mfano, ni asilimia 2 ya gharama yake kila mwezi, ukilinganisha na kiwango kilichowekwa, unachukua kikubwa.

Na mkimaliza pepa zote msikimbilie kuandika CPA(K) kwenye kadi. Hiyo K inakuja ukishasajiliwa na ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya.

Wa Mpakani (Busia)

Nimefurahi kuona mzee amegusa kazi halisi. Mimi niko kwa wakala wa kusafirisha mizigo hapa Busia, na kiwango kilichonishinda kwenye vitabu, IAS 21, yaani ubadilishaji wa fedha za kigeni, nilikielewa nikiwa nimesimama kwenye foleni ya malori.

Bosi wangu pia huuza maharagwe. Alinunua kutoka ng'ambo kwa mkopo, tuseme milioni 12.6 za Uganda, siku ambayo shilingi yetu moja ni zao 28. Hiyo ni 450,000 zetu. Mwaka ukaisha deni halijalipwa, na sasa shilingi yetu moja ni zao 30. Bosi akaniuliza, "Kwa hiyo maharagwe yangu yameshuka bei?" Nikaanza kujibu ndiyo, halafu nikajisikia nakwama katikati ya sentensi.

Maharagwe hayajashuka. Yako stoo kwa 450,000 yaliyonunuliwa nayo, kwa sababu stoki si fedha. Kilichoshuka ni deni, kwa sababu deni litalipwa kwa fedha, na leo linahitaji 420,000 tu. Ile tofauti ya 30,000 ni faida ya kubadilisha fedha, inakwenda kwenye taarifa ya faida na hasara, haiendi kupunguza bei ya maharagwe. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Basi nimepata elfu thelathini bila kuuza gunia?" Nikamwambia ndiyo, ila usizile kabla hujalipa. Tangu siku ile nikiona swali la IAS 21 nauliza kwanza: hiki kitalipwa au kupokewa kwa fedha, au hapana?

Stima ikipotea huku hupotea kweli. Taa ya sola ni sehemu ya karo.

Tiki Nyekundu (Kisumu)

Karani wa Kibuye, nimesoma ulivyojieleza nikacheka peke yangu ofisini. Unakusanya madeni, unaandika vitabu, unahesabu stoki. Ndugu yangu, wewe mwenyewe ni swali la ukaguzi la alama kumi!

Mimi niko kwenye kampuni ndogo ya ukaguzi, na ukaguzi ndio pepa niliyoidharau kwa kuwa nilikuwa naufanya kila siku. Ofisini tunaandika kwa mkato: "hakuna mgawanyo wa majukumu", tiki, twende. Mtahini hatoi alama kwa mkato. Akikupa kisa cha duka, anataka kila hoja iwe na miguu mitatu: udhaifu ni upi, unaweza kuleta nini, na ufanye nini. Chukua duka lako. Udhaifu: anayepokea hela za wadeni ndiye anayeandika leja yao. Madhara: anaweza kuficha hela ya mteja wa leo na kuifunika kwa malipo ya mteja wa kesho, na hakuna atakayejua kwa muda mrefu. Pendekezo: mtu mwingine, hata kama ni tajiri mwenyewe, awatumie wateja taarifa za madeni na kulinganisha pesa za benki na risiti. Huo ni mstari mmoja wa kazini uliogeuzwa kuwa jibu kamili.

Zoezi langu lilikuwa hilo: kila duka nililoenda kukagua, usiku naliandikia kisa kama cha mtihani, bila jina la mtu, na kulijibu. Ukiajiriwa mahali kama pako una visa vya bure kila siku.

Wa Lurambi (Kakamega)

Naongeza la mwisho, kwa walio ngazi ya juu: pepa ya uchambuzi wa data inafanywa kwenye kompyuta. Siyo ya kukariri. Kama kompyuta yako ni ya ofisini, omba ruhusa mapema, na mzoee mlinzi anayezima taa.

Karani wa Kibuye (Kisumu)

Dada Tiki, umenimaliza. Nimemwonyesha tajiri jibu lako, amesema atafikiria. Nadhani amefikiria kuniondolea kazi ya stoki, na sijalia.

Wadau, nimeamua hivi. Mitihani iko Aprili, Agosti na Desemba. Sichukui pepa zote sita. Naanza na taarifa za fedha, kodi na sheria ya kampuni. Mnaonaje?

Mzee wa Section 58 (Nakuru)

Mchanganyiko mzuri, mbili za hesabu na moja ya maandishi. Hakikisha usajili wako umehuishwa, maana hulipiwa kila mwaka ikifika Julai, na wengi hukumbuka siku ya kujiandikisha.

Mama Pacha (Nyalenda, Kisumu)

Mimi na wenzangu wawili tunakutana Jumamosi saa mbili asubuhi, Milimani, na tuna nafasi ya mtu mmoja. Njoo na kalkuleta isiyo ya programu, fulskapu, na swali moja la hesabu za kundi ulilolifanya mwenyewe. Ukija na noti tu tutakurudisha.