Miaka 11 New York, leo nimeambiwa naishi Kigamboni yenye baridi

Wakuu, leo sisalimii mtu. Nina hasira.

Ni saa sita kasoro usiku hapa Bronx, naandika nikiwa nimejifungia bafuni maana chumba nilichonacho ni kimoja, kimechukuliwa na mgeni, na mgeni anakoroma. Simtaji. Mnamjua. Yule wa koti la ngozi, jua liwake mvua inyeshe. Yule wa "mimi nilipokuwa Dubai" (alikaa Dubai siku nne, tatu anatafuta begi lake). Kiukoo ni baba yangu mdogo, kwa hiyo hata akinimwagia chai ya moto natakiwa niseme "asante, Ba'mdogo" halafu niende kujifuta pembeni.

Leo huyu mtu kaniambia, video mubashara, kwenye grupu la ukoo lenye watu 63: "Kumbe New York yenyewe ni Kigamboni yenye baridi."

Kigamboni. Yenye. Baridi. Hii hii ya kuvuka na pantoni kutoka Dar.

Mama yangu mzazi, aliyenizaa kwa uchungu, akaweka kikatuni cha kucheka. Vitatu.

Hebu nianzie Jumamosi ndio mtanielewa. Alitaka Times Square. Sasa mwenyeji wa New York ukimtajia Times Square anakunja uso kama umemwambia akang'olewe jino. Mimi naipita chini kwa chini, nabadili treni naondoka, juu sijatoa kichwa huu mwaka wa tatu. Yeye alisimama pale masaa mawili anaangalia matangazo. Matangazo, wakuu! Mtu ambaye nyumbani tangazo likianza tu anazima redio. Likaja jitu limevaa manyoya mekundu ya katuni za watoto, likamkumbatia. Likaja la kijani, halikuitwa. Likaja la tatu, sijui panya sijui nini. Picha moja, kila jitu linataka dola 20. Ba'mdogo akatoa 60 huku anacheka mpaka jino la mwisho nililiona. "Hii ndiyo Amerika!"

Empire State tulifika mlangoni. Nikamwambia jengo la mwaka 1931 hili, ghorofa 102. Akauliza mita ngapi, nikamtajia, akasema Dubai liko la mita 828, tukageuza. Nikashauri bustani ya wanyama hapa hapa Bronx. "Nitoke Tanzania nije kuangalia simba?" Hapo alikuwa na hoja, sitabisha.

Sasa leo. Sanamu ya Uhuru. Ukitaka kufika kisiwani kwenyewe ununue tiketi, upange foleni, upekuliwe kama unapanda ndege, halafu mwenge wenyewe hakuna anayeruhusiwa kuupanda tangu 1916. Wenyeji tuna njia yetu: kivuko cha Staten Island, kile cha rangi ya chungwa. Bure tangu 1997. Dakika 25. Ukitoka Manhattan unasimama upande wa kulia, sanamu unaiona yote, ukigeuka nyuma majengo yote haya hapa. Ndiyo siri ya mji ambayo mwenyeji anampa mgeni anayempenda. Nje ya kituo kuna vijana wanawauzia wageni tiketi za hicho hicho kitu cha bure. Nikamvuta Ba'mdogo mkono asipigwe.

Ningemwacha apigwe! Angelipa, angekipenda.

Tumepanda, anatazama huku na huku. "Magari yako wapi?" Nikamwambia siku hizi hakibebi magari, ni watu tu. "Pantoni gani haibebi magari?" Tumeikaribia sanamu. "Mbona kadogo?" Nikameza. "Na mwenge gani huu haukimbizwi?" Nikameza tena. Tukafika ng'ambo, na pale sheria ni kwamba wote mnashuka, mnazunguka, mnapanda upya. Akauliza, "Huku tumekuja kufanya nini?" Nikajibu kwa unyenyekevu, "Kurudi, Ba'mdogo."

Ndipo akatoa simu.

Kigamboni yenye baridi, wakuu. Kwa mtu aliyelipa dola 60 kukumbatiwa na manyoya yenye jasho.

MAJIBU

kipepeo_mweusi: Naweka kambi hapa. Ila mkuu, miaka 11 na kisiwani hujawahi kukanyaga? Unaishi huko au umejificha?

Mleta uzi: Sijakanyaga na sina aibu. Hakuna mtu wa hapa anakwenda. Soma uzi vizuri, tatizo ni KIGAMBONI YENYE BARIDI.

mchaga_halisi: Mimi namuelewa mleta uzi. Nimezaliwa Marangu, lango la Mlima Kilimanjaro ni kama jirani yetu. Mita 5,895 zote nimezipanda kwa macho. Wazungu wanashuka midomo imepasuka wananiuliza nimefika kileleni mara ngapi, nawaambia mara nne. Sijavuka hata lango.

kipepeo_mweusi: Mara nne 😂😂 mkuu una roho ngumu.

dada_wa_queens: Bora wako alienda mchana. Mimi shemeji yangu alitaka mkesha wa mwaka mpya hapo hapo Times Square. Kuna tufe la taa linashushwa kutoka juu ya jengo mwaka ukigeuka, tangu 1907, kwamba lazima alione. Tumefungiwa kwenye uzio toka saa tisa alasiri, choo hakuna, ukitoka nafasi imekwenda. Tufe lenyewe linashuka dakika moja. Shemeji alivaa pampasi. Shemeji ana miaka 41.

bonge_la_bwana: Tuwekee picha ya shemeji.

mpemba_wa_LA: Nyie wa New York mnadeka. Njooni Hollywood. Mgeni anatoka Dar saa zote hizo kuja kuangalia nyota za sakafuni zenye majina ya watu maarufu. Zipo zaidi ya 2,700, yeye katika hizo anawajua watu sita, na hao sita hatuwaoni maana kuna mtu amelala juu yao. Halafu anataka yale maandishi ya mlimani. Mnajua yale maandishi ni nini? Yaliwekwa 1923 na wauza viwanja! Yalisomeka HOLLYWOODLAND. Zaidi ya miaka mia watu wanapiga picha na kibao cha dalali.

bonge_la_bwana: Kwa hiyo mimi na kibao changu cha "Viwanja vinauzwa Chanika, hatua 20 kwa 20", nivumilie tu? Watalii wanakuja?

mpemba_wa_LA: Ongeza taa.

sufuria_la_chicago: Huku kwetu kuna lile dude la chuma linang'aa kama kioo, wenyewe wanaliita Harage. Lina tani karibu 100. Mama mkwe kafika, kalizunguka, kaligusa, kaniuliza taratibu: "Mwanangu, hili sufuria lilipikia shughuli ya nani?" Tangu siku hiyo nikipita naona sufuria tu. Amenigeuza macho.

Mleta uzi: Wakuu tunatoka nje ya mada. Alisema mbele ya watu 63. Sitini na tatu. Kuna mtoto wa shangazi amebadilisha jina la grupu, sasa hivi linaitwa "Kigamboni Kipupwe".

dereva_wa_masafa: Nimecheka kama mazuri. Mimi naendesha lori, Mount Rushmore nimepita njia ile mara sita sijashuka. Vichwa vinne vya marais, walichonga mlimani miaka 14. Nimemuuliza mzee mmoja wa kituo cha mafuta kule South Dakota kama huwa anaenda, akasema alipelekwa na shule, alikuwa na miaka tisa.

likoni_asilia: Ngoja kwanza. Mmetaja feri mkaninyamazia mtu wa Mombasa? Hiyo ya New York ni bure kwa mwenye miguu yake, sivyo? Likoni pia ni bure kwa mwenye miguu yake. Kigamboni mnalipa. Kwa hiyo huyo mzee amekosea hesabu. Angesema Likoni yenye baridi.

mchaga_halisi: Hoja nzito hii.

Mleta uzi: Sio hoja!! Sitaki kuwa popote yenye baridi!

likoni_asilia: Tena yetu inabeba magari. Tumewapita New York.

bonge_la_bwana: Inabeba magari na roho za watu mkononi. Mimi Likoni nilivuka na macho nimefumba.

likoni_asilia: Kaka, pantoni yenu ikiharibika mnaileta kwa mafundi wetu hapa Mombasa, halafu unaongea.

binti_mjimwema: Nimesoma uzi huu wote nimekaa kimya, sasa naomba niulize. Mimi ni mkazi wa Kigamboni. Kwani Kigamboni ina nini mpaka iwe tusi? Bahari tunayo, upepo tunao, samaki tunakula wa leo. Huyo wa Bronx chumba kimoja anaandika bafuni. Aliyetukanwa hapa ni nani?

kipepeo_mweusi: 🔥🔥🔥 Mods msifute.

dada_wa_queens: Dada yupo sahihi. Mleta uzi omba radhi.

Mleta uzi: Mimi niombe radhi??? Ameamka. Anauliza kesho tunaenda wapi.

dereva_wa_masafa: Mrudishe kwa manyoya.

binti_mjimwema: Na huyo wa Likoni akae kwake. Daraja tunalo tangu 2016.

likoni_asilia: La kulipia.

binti_mjimwema: La kulipia lakini lipo!

foleni_ya_asubuhi: Wakuu samahani, nipo upande wa Kigamboni saa hizi, saa mbili asubuhi, nina kikao mjini saa tatu. Kuna mtu yuko upande wa Magogoni aniambie pantoni imeshaondoka huko au bado?

binti_mjimwema: Imeondoka, naiona. Sogea mbele, acha simu.