Blogu ya ufundi pikipiki: nihamie VPS au nibaki hosti ya kuchangia?

Fundi_Msamvu
Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Morogoro, jirani na stendi ya Msamvu. Nina blogu ya WordPress ninayoandikia mambo ya kijiweni: kusafisha kabureta, kusoma rangi ya plagi, kujua kama cheni imechoka au ni sproketi iliyoisha. Wasomaji ni kama 120 kwa siku, karibu wote kwa simu.

Mwaka jana nililipia hosti ya kuchangia (seva moja, tovuti nyingi), sh 36,000. Juzi ankara ya mwaka wa pili imekuja 118,000! Nikapiga simu kulalamika, nikagusia pia kwamba blogu inafunguka kwa kujivuta. Kijana akanijibu dawa ni VPS, yaani kipande cha seva unachopewa peke yako, dola 15 kila mwezi. Na kweli kuna shida: wiki iliyopita dereva alifungua makala ya kabureta mbele yangu, bando lake la MB 50 likakata hata hajafika kwenye picha ya jeti. Niliona aibu, nikamrushia vocha ya 500.

Nihamie huko? Nawasilisha.

mama_seva
Fundi, usilipe kitu kwanza. Nimeifungua hiyo makala kwa kompyuta. Picha 14, kila moja inakaribia MB 4. Hata ukihamia seva ya benki, simu ya dereva itabeba mzigo ule ule.

Halafu anwani za picha zinaonyesha hazikupita kwenye maktaba ya WordPress. Ulizipandisha kwa File Manager ya cPanel, ile paneli ya kusimamia hosti, ukabandika linki, sivyo? Zikipita maktaba, WordPress inatengeneza nakala za ukubwa tofauti, simu inapewa inayoitosha.

Fundi_Msamvu
Umejuaje dada! Maktaba ilinigomea, ikasema faili limezidi ukubwa. Nikapita mlango wa uani.

mama_seva
Hicho ni kikomo cha PHP, lugha inayoendesha WordPress, chenyewe huja kikiwa MB 2. Kinapandishwa humo humo cPanel, lakini wewe punguza picha ziwe na upana wa pikseli 1200, hutakigusa tena.

VPS ya bei hiyo mara nyingi unakabidhiwa Linux tupu, mfumo endeshi bila kitu juu yake. Ulinzi ni wako, kusasisha PHP ni kwako, databesi ikizima saa nane usiku unaamka wewe. Nilikuwa nayo miaka miwili. Siku moja diski ilijaa kumbukumbu za makosa, tovuti ikalala kutwa nzima, mimi niko msibani Korogwe na simu haina chaji. Kwa wasomaji 120 hosti ya kuchangia inatosha na kubaki. Siku ukianza kuuza spea humo, wateja wanafungua akaunti na kulipa, njoo tuongee upya.

Kijana_wa_Kihonda
Mimi ningehamia Blogspot tu mkuu. Bure, domeni yako (jina la tovuti) unaiunganisha, seva wanahangaika nayo Google.

mama_seva
Kwa anayeanza leo sikupingi hata kidogo. Ila anwani za makala Blogspot zina muundo wake, mwaka na mwezi ndani, na linki za fundi zimeshasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp ya bodaboda. Usipozielekeza upya moja moja, zitakufa.

Hiyo 118,000 ndiyo bei halisi, 36,000 ilikuwa chambo. Ukitafuta kwingine, uliza bei ya mwaka wa pili na kama nakala rudufu zimo humo. Na kabla hujahama, angalia domeni imesajiliwa kwa jina la nani.

Fundi_Msamvu
Mrejesho wakuu. Picha zote 14 nimezipunguza, ukurasa umeshuka hadi MB 2 kasoro. Dereva yule yule kaja leo kubadili plagi, nikamwambia afungue tena. Imefunguka hata hajashuka kwenye pikipiki.

Domeni ina jina langu, ila barua pepe iliyosajiliwa ni ya yule aliyeniuzia. Kesho asubuhi namfuata ofisini kwake.