Joginder Singh ametutoka. Tupeane kumbukumbu: wewe alikupitia wapi?

Mwana wa Molo

Ndugu zangu, Joginder Singh, dereva wa mashindano ya magari, amefariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Waliozaliwa juzi wanalijua jina hili kwa kusimuliwa. Sisi tuliokulia kando ya barabara za udongo tulimhesabu kama mtu wa nyumbani, na Pasaka ilikuwa yake kama ilivyokuwa ya kanisa.

Kwa wasiomfahamu: alizaliwa Kericho mwaka 1932, mtoto wa Kalasinga fundi aliyetoka Punjab. Alishika spana kabla ya kushika usukani wa mashindano. Mwaka 1958 chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kilimwajiri kuwa mtu wake wa kwanza wa doria, kazi yake kuzunguka barabarani na kuwakwamua waliokwama. Mwaka uliofuata akaingia Safari, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki ya wakati wa Pasaka. Mwaka 1965 akashinda na ndugu yake Jaswant, kwa Volvo PV544 ambalo halikuwa jipya, lilikuwa limeshapigishwa Safari ya mwaka uliotangulia na timu ya kiwanda. Waliondoka wa kwanza wakiwa na namba 1 mlangoni, wakarudi wa kwanza. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, akawa dereva wa kwanza kuichukua Safari mara tatu.

Hayo magazeti yatayaandika. Mimi naomba yale ambayo magazeti hayana: ulikuwa umesimama wapi, na ukaona nini?

Naanza mimi. Ni 1974, nina miaka kumi na mmoja. Mvua ya mwaka ule wenyeji wa Molo wanaikumbuka, barabara ya juu ya shamba letu la pareto iligeuka uji. Tulitoka nyumbani saa nane za usiku, baba mbele na kurunzi, mimi na wadogo zangu wawili nyuma tumejifunika gunia moja. Mama alitupa viazi vya kuchoma vilivyotoka kwenye majivu muda ule ule, tukavitia mifukoni vitupashe mikono moto. Tuliambiwa tusivile mpaka magari yaanze kupita.

Watu walijaa kwenye ule ukingo kama wa mazishi ya chifu. Hakuna tiketi, hakuna kiti, na hakuna aliyeuliza wewe ni nani. Gari ulilisikia kwanza kwa mbali ng'ambo ya bonde, likapotea, likarudi karibu zaidi, halafu ukaona miti inamulikwa. Wakubwa walikuwa wanayajua kwa sauti. Porsche ilikuja inalia kama kitambaa kinachochanwa, ikateleza, ikaingia mtaroni upande wa nyuma, na kabla sijaelewa kitu wanaume ishirini walikuwa wameshaibeba kuirudisha barabarani. Dereva alipiga honi mara moja ya shukrani, akatokomea.

Baadaye likaja Lancer. Mtu akapaza sauti, "Joginda!" na ukingo mzima ukaitikia. Nilitegemea aje kwa kishindo kuliko wote. Hakuja hivyo. Kabla ya lile dimbwi alishusha mwendo, tukausikia muungurumo unapungua, akapeleka magurudumu ya kushoto kwenye nyasi za pembeni ambako udongo bado ulikuwa mgumu, akavuka, kisha ndipo akakanyaga mafuta. Sekunde kumi labda. Tope lilitupiga sote usoni, na kiazi cha mdogo wangu kikaanguka. Hakulia. Baba alifuta macho kwa kiganja akasema, "Yule gari analisikiliza."

Mashindano yalipokwisha tulikwenda kusikiliza redio kwenye hoteli ya chai pale sokoni. Joginder wa kwanza, Waldegård na Porsche yake wa pili, Munari wa tatu. Baba aliwanunulia chai watu asiowajua. Sijamwona akifanya hivyo tena mpaka anaingia kaburini.

Mkonge wa Korogwe

Mleta mada, poleni wote. Huku kwetu Tanzania wengine wamesahau kwamba Safari ilikuwa yetu pia. Nyakati hizo ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, karibu kilomita 5,000. Mimi nilikuwa darasa la tatu Korogwe, mzee wangu nokoa katika shamba la mkonge.

Lakini nikiri ukweli: sisi upande huu tulikuwa wa Bert Shankland. Alikuwa anaishi Dar es Salaam, na Peugeot 404 yake ilishinda 1966 na 1967 mfululizo. Joginder tulimwona wa Kenya, hivyo yakipita magari tulikaa makundi mawili, na vijana wa Kikamba waliokuwa wanafanya kazi mashambani walikuwa upande wa Kalasinga. Tulibishana wiki nzima kabla na wiki nzima baada.

Ninachokumbuka ni vumbi. Huku kwetu likipita gari moja huoni kitu dakika tatu nzima. Mwalimu wetu alitufundisha tulale kifudifudi na kufunika pua kwa shati. Siku moja nimelala hivyo, vumbi likatulia, nikainua kichwa: gari limesimama mita thelathini mbele, boneti liko juu, na mtu mwenye kilemba ameinama ndani. Wenzangu wakasema ni Joginder. Hadi leo sina hakika, kwa maana madereva Makalasinga hawakuwa mmoja. Lakini niliporudi nyumbani nilisema ni yeye, na nimewaambia watoto wangu ni yeye. Leo nimeona niseme ilivyokuwa.

Kijana wa Eastleigh

Pumzika kwa amani Simba wa Kenya. Mara nne bingwa wa Safari!

Mwana wa Molo

Mara tatu ndugu yangu: 1965, 1974, 1976. Mwaka 1970 alishika nafasi ya pili, labda ndiyo uliyoisikia. Ile ya 1976 ilikuwa tamu ya pekee, Lancer zilichukua nafasi zote tatu za juu, yeye, Robin Ulyate na Andrew Cowan.

Binti Chai

Mimi sikuwa mpenzi wa magari. Nilikuwa mtoto wa mwanamke aliyeuza chai Naivasha, na Safari ilikuwa ada yetu ya shule.

Mama alikuwa na birika mbili kubwa za bati na karai la mandazi. Wiki ya Pasaka aliongeza birika la tatu la kukodi. Tulikanda unga kuanzia saa tatu usiku, dada yangu anakata, mimi nachoma, mama anahesabu sukari. Umati wa kungoja magari ni umati wenye baridi na njaa, na hauondoki mpaka yule mtu wake apite. Hapo ndipo nilipojifunza jina la Joginder. Mama aliuliza kila aliyekuja, "Joginda amepita?" Akiambiwa bado, anatia maji tena birikani. Akiambiwa ameshapita, anasema, "Funga karai," kwa sababu nusu ya watu watarudi makwao.

Mama hakuwahi kumwona. Alikuwa ameinamia moto kila mara gari lilipopita, anasikia tu kelele na watu wakishangilia. Mwaka ule wa 1976 nilimvuta mkono nikamwambia aje aone, akasema maziwa yatafurika. Jana nilipomsomea habari za kifo, yeye sasa ana miaka themanini na miwili, karibu rika moja na marehemu, aliuliza, "Alikuwa na watoto?" Kisha akasema, "Huyo mtu alitusomeshea."

Mwenda Pole

Mimi nitasema jambo ambalo sijawahi kulisema mahali.

Kwetu ni Ukambani. Tulikuwa tunayarushia mawe magari ya Safari. Msinihukumu haraka, tulikuwa watoto, na lile gari likikupita kwa kasi ile unataka likujue kwamba upo. Mwaka mmoja nililenga vizuri. Nilisikia kioo cha taa kikivunjika, nikaona taa moja inazimika na gari likienda na jicho moja gizani. Haikuwa ya Joginder, ilikuwa ya dereva mwingine ambaye sikumjua.

Babu alinishika sikio. Hakunichapa. Alinipeleka barabarani kulipopambazuka, akanionyesha kona iliyo mbele yetu, na chini ya kona ile korongo. Akaniuliza, "Mwenye taa moja ataiona hii?" Siku ile nilikusanya mawe kuanzia daraja mpaka kanisani, nikayatupa mtoni. Mwaka uliofuata nilikuwa mimi ninayewafukuza wenye mawe, na Joginder alipopita nikasimama mikono juu, vidole vimekunjuliwa, aone sina kitu.

Wa Old Kampala

Poleni Wakenya. Ila msimsahau wetu. Shekhar Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945. Amin alipowafukuza Wahindi 1972, familia yake ikahamia Kenya, na Pasaka iliyofuata, 1973, akashinda Safari kwa Datsun 240Z. Alimaliza sawasawa kwa pointi na Harry Källström, wakatafuta nani alikaa muda mrefu zaidi bila kupoteza pointi, ikawa Mehta. Kisha 1979, 1980, 1981 na 1982, miaka minne bila kupisha. Jumla tano. Naye alifia London, 2006. Kama ni bingwa wa mabingwa, hesabu ziko wazi.

Spana Kumi na Tatu

Wa Old Kampala, hesabu zako ni kweli na Mehta tunamlilia vilevile. Lakini acha nikwambie kwa nini kwangu Joginder ana kiti chake.

Nimeendesha lori Mombasa hadi Malaba miaka ishirini na saba. Nilianza kama utingo wa mzee mmoja wa Changamwe ambaye Joginder kwake alikuwa mwalimu, ingawa hawakukutana. Mzee yule alikuwa akiniambia: 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. 1968 yakaondoka 93, yakamaliza 7 vilevile. Na Joginder aliingia Safari 22, akamaliza 19. Mzee alizijua tarakimu hizi kuliko tarehe ya kuzaliwa kwake. Kila nilipobamiza gia alisema, "Kumi na tisa." Basi. Nilijua maana yake.

Alinifundisha kila tukisimama, hata kama ni kwa ajili ya kujisaidia, nizunguke lori na kuweka kiganja kwenye kila kitovu cha gurudumu. Kimoja kikiwa na joto kuliko vingine, beringi inaomba msaada. Aliniambia nizime redio tukianza kupanda mlima, nisikie injini. Fundi aliyekuwa dereva, alikuwa akisema, hulijua gari linapougua siku mbili kabla halijalala. Usiku mmoja tukikaribia Mtito Andei kiganja kilirudi kimeungua. Tulilala pale pale, asubuhi tukafungua, beringi ilikuwa imeshasagika. Tungeendelea tungepoteza gurudumu kwenye mteremko, na mbele yetu lilikuwa basi la abiria.

Mimi mpaka leo nazunguka lori. Watingo wangu wananiita Joginda, na sijawahi kuwakataza.

Mwana wa Molo

Spana, mzee wangu angekupenda. Na hapo ndipo mabingwa wa ng'ambo walipokuwa wakikwama. Walikuja na magari ya bei, wakaja na mafundi wao, na tangu 1953 hadi 1971 hakuna hata mmoja aliyeshinda. Hannu Mikkola ndiye aliyefungua mlango, 1972 na Ford Escort. Kabla yake wenyeji ndio waliokuwa wakijua lini ukanyage na lini uache.

Binti Chai, nimesoma yako mara mbili. Mpe mama salamu zangu.

Wa Kericho

Nimekuwa nasoma tu, sasa niingie, maana marehemu ni wa mji wetu.

Sisi watoto wa laini za wafanyakazi wa chai tulikuwa na Safari yetu. Magari ya waya. Mwili ni waya wa uzio, usukani ni waya mrefu unaofika kifuani ili uendeshe ukiwa umesimama, magurudumu ni raba ya malapa yaliyokatika, yamekatwa mviringo kwa kisu cha moto. Kaka yangu ndiye aliyekuwa fundi. Lake lilikuwa na springi za kweli, alizipinda kutoka kwenye kalamu za wino, na kipande cha bati mlangoni alichokiandika 1 kwa makaa, na kila mvua ikikifuta anaandika upya.

Shida ilikuwa moja: kila mtu alitaka kuwa Joginder. Kwingine labda wengine walikubali kuwa Mikkola au Mehta. Kericho hakuna aliyekubali, kwa sababu alizaliwa hapa. Tulipigana. Mwisho kaka akaweka zamu, kila siku Joginder wake, na wasichana tukahesabiwa. Siku yangu ilikuwa Alhamisi. Nilikimbia na lile gari kuanzia kituo cha kupimia majani mpaka kwenye kisima, nalia kama injini, na wenzangu wote nyuma yangu, kwa kuwa sheria ilikuwa Joginder hapitwi.

Jana jioni nilimpigia kaka nikampa habari. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza kama lile gari bado liko darini kwa mama. Nikapanda na kurunzi nikaangalia. Lipo. Gurudumu moja la nyuma limetoka, na bati la mlangoni halina kitu. Akaniambia nitafute kipande cha makaa.