Je, ni unafiki kufundisha watoto Neno wakati moyo wangu umekauka?

MamaMahamri, Kisauni

Shalom wapendwa. Ni saa tano usiku, unga nimeshaukanda na kuufunika, saa kumi alfajiri naanza kuchoma mahamri ya watu wa kazi za mapema. Nina swali moja, nisameheni likiwa refu.

Bwanangu alipata kiharusi Mei 2021. Mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi, na maneno humtoka nusunusu. Miezi mitatu ya kwanza nyumba ilijaa: wazee wa kanisa, kina mama, kwaya, mchele, sukari. Mwezi wa nne wakabaki wawili watatu. Siku hizi mchungaji huja Pasaka na Krismasi kumletea Meza ya Bwana. Sisemi kwa uchungu. Au labda nasema kwa uchungu, mtajua wenyewe.

Ibada ya saa moja sikosi. Mlinzi wa zamu jirani hukaa na mzee hadi nirudi. Baada ya ibada nafundisha darasa la watoto wa miaka 6 hadi 9, mwaka wa kumi na mbili huu. Lakini nikiomba ni kama naongea na ukuta. Wimbo naimba kwa mdomo tu. Juzi somo lilikuwa Yesu kutuliza dhoruba, Marko 4, na kitoto kimoja cha kike kikanyosha mkono: "Mwalimu, mbona alilala na mashua inajaa maji?" Sikuwa na jibu. Nikawaambia wasimame tuimbe.

Sasa niambieni kweli: niendelee kufundisha kitu nisichokisikia moyoni, au niache kabla sijawaharibu watoto wa watu?

Neema_Tele

Dada usikate tamaa! Wagalatia 6:9, tutavuna kwa wakati wake tusipozimia roho. Shetani anapigana na huduma yako. Funga siku tatu, utaona.

MamaMahamri

Asante mpendwa. Siku ambazo biashara haikwenda vizuri nimeshafunga bila kupanga.

Fundi_Kongowea

Dada, mimi niliacha kanisa miaka miwili, kwa hiyo usinichukulie kama mtumishi. Soma 1 Wafalme 19. Eliya anaomba afe, na Mungu hamkemei wala hamhubirii. Anaacha alale. Kisha mkate umeokwa makaani na gudulia la maji. Analala tena, anakula tena. Maneno yalikuja baadaye kabisa, huko Horebu. Wewe huna tatizo la imani, una deni la usingizi. Mimi mwenyewe kilichonirudisha hakikuwa mahubiri; rafiki alinipikia pilau, akanisikiliza bila kufungua Biblia hata mara moja.

MamaMahamri

Nimecheka peke yangu jikoni. Kaka, Eliya alikuwa na malaika wa kumpikia. Hapa kwangu malaika wa kupika ni mimi.

Babu_wa_Rabai

Mwanangu, nina miaka 74 na nimezaliwa Rabai. Wakubwa wetu walitusimulia kuhusu Krapf na Rebmann, wamisionari wa Kijerumani waliohubiri hapa kwetu Rabai, nawe kwa kuwa uko Kisauni hapo, kaburi la mke wa Krapf liko jirani, upande wa Nyali. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akamzika mkewe na kitoto kichanga. Rebmann alikuja 1846. Alipoandika kwamba ameona theluji Kilimanjaro, wasomi wa Ulaya walimcheka. Akakaa hadi 1875, akaondoka akiwa kipofu. Miaka 29! Na waliobatizwa walikuwa wachache mno. Wa kwanza, Mringe, alikuwa kiwete na hakuishi sana.

Sikuelezi haya ili uwaige. Wale wazungu walikuwa na makosa yao, na sisi tunapenda kuwafanya malaika. Nakuelezea kwa sababu kila nikipita pale kanisani nawaza: asubuhi ngapi Rebmann aliamka hasikii chochote moyoni, akachukua kalamu akaendelea na kamusi yake? Mimi simwiti mnafiki.

Na mtoto wako mjibu hivi: Yesu alilala kwa sababu alikuwa amechoka. Marko anasema alilala juu ya mto wa kulalia. Basi.

Lakini nami nikuulize. Hao kina mama wakikuuliza "habari za mzee?", unawajibu nini?

MamaMahamri

Babu, umenishika pabaya. Najibu "tunamshukuru Mungu, tunaendelea vizuri." Kila Jumapili. Miaka yote hii.

Babu_wa_Rabai

Haya. Basi wamekuamini.

MamaMahamri, wiki tatu baadaye

Narudi kutoa habari maana wengine mmeniandikia inbox.

Jumapili ile mama wa mmoja wa wanafunzi wangu aliniuliza habari za mzee. Nikasema, "Mbaya. Nimechoka, na sijalala usiku mzima tangu sijui lini." Uso wake ulibadilika, nikajuta hapohapo. Lakini Alhamisi alikuja na mwenzake. Mmoja alikaa na mzee, mwingine akachukua sinia langu la mahamri akaenda kuuza mwenyewe. (Alichenji vibaya, nimepoteza shilingi 80, sikumwambia.) Nikalala kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Wamesema kila Alhamisi. Tutaona, ahadi nazijua.

Darasa nimeliacha hadi Januari, kijana wa kwaya amelishika. Maombi bado makavu, sitawadanganya. Jumapili iliyopita nilisinzia katikati ya mahubiri, na aliyekaa karibu nami hakuniamsha, alinisogezea bega tu.

Kabla sijakabidhi darasa nilimjibu yule mtoto kama alivyosema Babu: Yesu alikuwa amechoka, akapata mto, akalala. Akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Kwani mashua ya samaki ina mto wa nini?"

Mwenye jibu aniandikie.