Wanafunzi wa kuzamia hawatulii majini, miguu inaburura kwenye matumbawe

Kibua_Nungwi:
Wakuu, nafundisha wageni wanaoanza kuzamia huku Nungwi. Bwawani hawana shida, wanapiga magoti chini, wanavua miwani na kuivaa vizuri tu. Tukitoka baharini, vurugu. Mwili umesimama wima, mapezi yanapiga matumbawe, mara wajaze hewa jaketi la kuelea wapae, mara watoe hewa wadidimie. Nawaongezea risasi, yale madini ya uzito ya mkandani, ili watulie, lakini naona ndiyo kwanza inazidi. Nyie mnafanyaje?

Chwaka_Damu:
Woga huo mkuu. Waambie wapumue taratibu.

Mzee wa Chole:
Woga upo, ila hapa mchawi ni risasi. Mtu akizidishiwa kilo 4, lazima abebe lita 4 za hewa ya ziada kwenye jaketi ndipo aelee. Akipanda kutoka mita 10 hadi 5, mgandamizo wa maji unapungua, hizo lita 4 zinatanuka kuwa 5 na ushei, naye anapaa bila kupiga teke. Akitoa hewa kwa kiherehere, chini! Halafu hewa iko kifuani na risasi ziko kiunoni, sasa miguu itaacha vipi kuning'inia?

Mpime kwanza juu ya maji. Jaketi tupu, pumzi ya kawaida, asipige mapezi: maji yafike usawa wa macho, na akitoa pumzi aanze kuzama. Ukimpima mtungi umejaa, ongeza kama kilo 2, kwa sababu mtungi wa alumini wa lita 11 hewa yake ikishuka kutoka bar 200 za mgandamizo hadi 50 unapungua uzito kiasi hicho, na usipofidia atashindwa kutulia mita 5 mwisho wa mzamio. Vipimo vya bwawani usivihamishie baharini, maji ya chumvi yanamwinua mtu zaidi.

Na hayo magoti yaacheni! Ili mtu apige magoti imara unamjaza risasi, kisha unashangaa baharini kasimama wima. Mimi huwalaza kifudifudi juu ya mchanga, wanaingiza hewa kidogo kidogo kwenye jaketi, mpaka wakivuta pumzi kifua kinainuka na ncha za mapezi zimebaki chini. Pumzi haijibu papo hapo, kwa hiyo mfundishe kungoja kabla hajashika tena kitufe cha hewa cha jaketi. Asiizuie pumzi hata kidogo, hilo halina mjadala. Wakishaweza, miwani wavue wakiwa wanaelea.

Huku Mafia wanaoanza nawapeleka ndani ya ghuba siku za maji mafu, mkondo ukiwa mdogo. Siku za bamvua, maji yakienda kwa nguvu, na mlango wa Kinasi, ghuba inapofungukia bahari kuu, si pa kujifunzia mtu.

Kibua_Nungwi:
Shikamoo mzee. Kuna mmoja nimempunguzia mpaka kipimo kimekaa sawa, miguu bado inashuka.

Mzee wa Chole:
Marahaba. Kilo 1 au 2 zitoe mkandani uzifunge kwenye ukanda wa mtungi, karibu na mabega. Bado? Upandishe mtungi kidogo, na umwangalie mapezi, yale mazito ya mpira huvuta miguu. Anyooshe mikono mbele, magoti ayakunje, atazame mbele. Kisha mwambie aache kupiga mapezi kabisa uone anaangukia upande gani. Wengi huwa wanajishikilia kwa mateke, na wewe unadhani wanaelea.

Chwaka_Damu:
Mzee, hiyo ya mateke kesho naijaribu kwa wangu.