Dhahabu, fedha au platini kwa elektrodi za kaboni? Naagiza wiki hii

Mchunguzi_Tudor: Assalaam alaykum. Nataka chumvi ya metali ya kutengenezea chembe za nano, nipake kwenye elektrodi za kaboni za kuchapishwa. Pesa zatosha metali moja tu. Fedha ina bei nafuu, itafaa?

Bi_Kemia: Wapima nini, ndani ya nini?

Mchunguzi_Tudor: Samahani. Histamini, sumu inayotokea samaki akiharibika, kwenye jodari, kwa kimeng'enya cha diamini oksidasi.

Platini_Kwanza: Basi platini, bwana. Kimeng'enya hicho kikivunja histamini hutoa peroksidi ya hidrojeni, na platini huioksidisha vizuri kwa volti 0.6 hivi. Chini ya kimeng'enya paka Nafion nyembamba, yaani utando wa plastiki. Ina chaji hasi, kwa hiyo huzuia asidi ya yuriki isichafue kipimo, lakini peroksidi haina chaji, yapita.

Bi_Kemia: Fedha usiiguse. Samaki ana kloridi, na fedha ikipewa volti hugeuka kloridi ya fedha. Utaona kwenye grafu kilele kikubwa cha mkondo karibu na volti sufuri ukidhani ni histamini.

Dhahabu_Safi: Mbona mwaisahau dhahabu? Salfa hujifunga nayo imara, kesho ukitaka kubandika kingamwili kwa salfa uko tayari. Chemsha ml 50 za chumvi ya dhahabu ya asilimia 0.01, tia ml 1 ya sitreti ya asilimia 1. Rangi ya divai ikitoka, una chembe za nanomita 16 hivi.

Bi_Kemia: Rangi hiyo huharibika upesi. Chupa zikisuuzwa kwa maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi, myeyusho hugeuka wa buluu. Chaji hasi ya sitreti ndiyo hutenganisha chembe. Chumvi huifunika, zikagandana. Halafu tone likikauka juu ya elektrodi, chembe hukimbilia ukingoni zikafanya pete, na elektrodi tatu za kundi moja zatoa majibu matatu. Afadhali kuzipandisha kwa umeme moja kwa moja juu ya elektrodi: chumvi ya dhahabu milimola 1 kwa lita ndani ya asidi ya salfuriki ya mola 0.5, volti −0.2, sekunde 60.

Dhahabu_Safi: Kijiko kiwe cha plastiki. Chumvi ya dhahabu hunyonya unyevu wa hapa pwani ikala chuma.

Platini_Kwanza: Peroksidi bado yataka platini.

Nahodha_Likoni: Jodari mwenyewe alikaa kwenye barafu tangu lini? Histamini ikishaingia, hata kumpika hakuiondoi.

Mchunguzi_Tudor: Sijui, nilimnunua sokoni. Nyama nichukue tumboni au mkiani?