Naomba ushauri: siku ya marafiki wa zamani kwenye bustani ya ufukweni ya Mama Ngina

Wenzangu wa Mombasa, hamjambo. Marafiki tuliosoma pamoja tunakutana Jumapili ijayo, na kila mmoja anaitaka Mama Ngina ya utotoni: mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, madafu, kachiri, meli zikiingia bandari ya Kilindini mbele ya mibuyu. Sijapita huko tangu pajengwe upya 2019. Wauza mihogo sasa wako upande gani? Mmoja wetu anatembea kwa gongo, ngazi zitamsumbua? Watoto wanataka bembea, na zile za uwanja wa Makadara nazijua za Idi tu. Tena kuna anayeng'ang'ania tupande feri ya Likoni, twende turudi bure kama zamani. Jioni ya Jumapili, na msongamano ule? Mwasemaje?